Gari Linalozima Alhamisi

"Inaanza," Barasa alisema, akaweka kiganja juu ya dashibodi.

Injini ilikuwa imeanza kukatakata. Ikatetemeka, ikapiga chafya, ikatapika moshi mweusi nyuma. Lokaale akakanyaga mafuta, wapi! Pikapu ikajikokota hatua chache kwenye lami, kisha ikazima kando ya barabara ya Kakuma, palepale ilipozima Alhamisi iliyopita, na Alhamisi ya kabla yake.

Barasa alifumba macho. Alikuwa amechoka, uchovu ule wa kuingia hadi kwenye mifupa. Miaka kumi na miwili ya ufundi pale Lodwar, na hakuna gari lililowahi kumdhalilisha kama hiki kikuukuu cha Lokaale. Alishabadilisha plagi. Alishaosha kabureta mara mbili, akasafisha tangi, akafunga pampu mpya ya petroli. Juzi Jumanne walikwenda wawili tu, yeye na Lokaale, mzigo uleule, jua lilelile, na pikapu ikafika Kakuma na kurudi bila kukohoa hata mara moja. Leo Alhamisi, haya, tazama sasa.

Na leo haikuwa siku ya kuzima. Mugure, mwenye zile kreti za nyanya zilizojaa nyuma, alikuwa amesimama asubuhi mbele ya duka lake na kusema maneno yaliyomtosha kila mtu.

"Fundi, panda nao ujionee mwenyewe. Hii gari ikizima leo, mzigo wangu nampa mtu mwingine. Nimechoka kuuza nyanya zimeoza."

Lokaale hakuwa na mzigo mwingine. Watoto wanne, mke na mama yake, wote walikula kwa zile kreti. Alimsikia Mugure vizuri, akaitikia kwa kichwa, akawasha gari.

Mama yake, Abei, aliyekuwa amekaa katikati yao, ndiye peke yake ambaye hakushtuka. Kila Alhamisi alipanda kwenda kumwona binti yake Kakuma. Sasa alikuwa anatabasamu.

"Ni mzee amesimamisha," alisema. "Anajua mimi napita."

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya migunga, palikuwa na rundo la mawe. Hapo ndipo alipozikwa mumewe, yule aliyeinunua hii pikapu ikiwa bado ina rangi.

"Usiku sikulala," Abei akamwambia Barasa. "Nikasema, leo huyu mzee akinyamaza, basi amenikasirikia. Nitajua amenitupa. Sasa ona!" Vidole vyake vilikuwa vinafungua fundo kwenye pembe ya shuka, na ndani yake mlikuwa na tumbako.

"Mama, wafu hawavuti tumbako," Lokaale alisema kwa ukali. "Ni kabureta hiyo. Kaa ndani, jua ni kali."

"Na hiyo kabureta inajuaje ni hapa?"

Lokaale akageuza uso. Alikuwa mzee wa kanisa. Mwaka jana alisimama mbele ya waumini kule Kanamkemer akatamka kwamba nyumbani kwake mambo ya mawe na tumbako yamekwisha, na kwamba gari lake halitasimama tena pale kaburini. Mama yake alilia siku mbili. Lokaale hakurudi nyuma.

Barasa alishuka ili mama apite. Abei akavuka barabara polepole, tayari anaongea na mtu.

Fundi akafungua boneti. Mvuke wa moto ukampiga usoni. Akafungua plagi moja kwa kitambaa, akaitazama. Nyeusi tititi, na inachuruzika petroli. Akafungua ya pili, hivyo hivyo. Injini ilikuwa inamezeshwa mafuta kuliko inavyoweza kuchoma, mpaka inazama. Hilo aliliona tangu wiki ya kwanza. Lakini yanatoka wapi? Kabureta ni safi, aliisafisha kwa mikono yake. Akaegemea bodi, ikamuunguza kiwiko. "Mama yangu wee!" Alitaka kulia, kwa kweli. Mtu mzima, katikati ya jangwa, anataka kulia kwa sababu ya pikapu.

Simu ikaita mfukoni. Mugure. Akaiacha ikaita hadi ikakata. Ikaita tena.

"Lokaale!" alipaza sauti kutoka nyuma ya boneti. "Mugure huyu. Nimwambie nini?"

"Usipokee kwanza."

"Nisipokee mpaka lini? Kazi yako inakwenda hivyo, ndugu yangu!"

Lokaale alikuwa bado kwenye usukani, anatazama ng'ambo ya barabara. Kule kwenye mawe mama yake alikuwa amechuchumaa, anamwaga tumbako kidogo kidogo, anacheka peke yake.

Simu ikaita mara ya tatu, na Barasa akachoka hata kuogopa. Akapokea.

"Fundi, mko wapi?" Mugure aliuliza. "Hiyo gari imezima, ama?"

Barasa akazunguka hadi mlango wa dereva, mkono wenye simu umenyooshwa, ili mwenye gari aiombee kazi yake mwenyewe. Pale dirishani akasimama. Chini ya usukani, choki, ile ya kuiongezea injini petroli wakati wa baridi, ambayo kwa joto la Turkana haina kazi yoyote, ilikuwa imevutwa nje hadi mwisho, na vidole vya mzee wa kanisa vilikuwa vinairudisha ndani taratibu, huku macho yake yakiwa kule kwenye mawe.

"Hapana, Mugure, haijazima," Barasa alisema. "Nimewasimamisha mimi, nimebanwa na mkojo."