Usukani Unaojua Njia

Tangu chuma kilipoanza kukumbuka njia, watu wa Mbeya waliacha kununua baiskeli mpya. Chuma kikipita njia moja mwaka mzima huishika, na kuanzia hapo kitakupeleka chenyewe. Sekela aliiunga yake kwa vipuri vya mitumba: fremu nyembamba ya mbio, gia zilizozoea mlima wa Igawilo, na usukani wenye breki zake, aliobadilishana jana na fundi wa Mwanjelwa kwa tandiko la zamani.

Asubuhi akaijaribu. Lo! Iliparamia mlima kama mbuzi, Sekela akawa anacheka peke yake barabarani kama mwehu.

"Twende, bibie, twende!" aliihimiza.

Wakati wa kurudi, alipokaribia kwake, usukani ukageuka wenyewe. Uliliacha geti, ukakata uchochoro wa nyuma, kisha ukakaza breki taratibu chini ya dirisha la chumbani.

Mumewe, Ambakisye, akachungulia akichekelea. "Mke wangu! Imeshapajua nyumbani?"

Sekela alishuka. Aliutazama usukani ule, ambao ulikuwa wake tangu jana tu.