Kigari Kilichovuta Kushoto

Hamduni, fundi wa bodi, alivuta nyuzi mbili chini ya kigari chekundu cha viti viwili, kila uzi kutoka pembe moja ya chesisi hadi pembe ya mkabala. Lori lilikuwa limekigonga ubavuni kikiwa kimeegeshwa. Alikaza taratibu mnyororo wa kunyooshea chesisi. Chuma kililia, na vumbi la kutu likaelea juani kama unga. Hatimaye nyuzi zikagusana katikati.

"Tayari, Bi Zamzam," alimwambia mwenye kigari. "Kulikuwa na mpindo mwingine, wa zamani kuliko lori. Nao nimeunyoosha. Hakitavuta kushoto tena."

Bi Zamzam aliinua uso. "Umeutoa?"

"Ungekuja kukuua, mama."

"Kushoto ndiko nilikokaa miaka yote. Marehemu mume wangu akiendesha, alikuwa akisema kigari kinanitafuta."

Hamduni alitazama mnyororo. "Ukitaka naweza kuupinda tena. Ila sitapata usingizi."

"Basi uache, fundi."

Akaketi nyuma ya usukani kwa mara ya kwanza. Aliweka mkoba kwenye kiti cha kushoto, kisha akauondoa, akaupakata.

Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Kigari kilikwenda kimenyooka, laini kama maji mferejini. Hamduni alikisindikiza kwa macho, nyuzi zikining'inia mkononi. Mbali kule, kilihama kushoto kidogo, kikarudi, kisha kikahama tena.