Karai la Kwanza la Nyamizi

Kila Jumamosi wanaklabu walikwenda mtoni kuosha mchanga, wakitafuta dhahabu kwa kujifurahisha tu. Makwaiya alikuwa ameosha miaka tisa bila kupata hata chembe. Nyamizi, aliyejiunga asubuhi hiyo, aliinua karai lake la kwanza, na ndani yake kitu kikang'aa.

"Mzee Makwaiya, mmalizie," mwenyekiti alisema. Ndiyo desturi yao: karai la kwanza la mgeni humaliziwa na mwanachama mkongwe.

Miaka tisa, na huyu hata viatu havijalowa!

Makwaiya alikuwa ametoka kula sambusa. Sabuni ilikuwa palepale juu ya jiwe, maana wote walijua kwamba mafuta hufanya chembe ndogo za dhahabu zielee na kwenda na maji. Aliitazama sabuni. Akamtazama Nyamizi anavyocheka. Akatumbukiza vidole vivyo hivyo, bila kunawa.

Maji yalizunguka, yakamwagika. Ukabaki mchanga mweusi mtupu.

"Si kitu, baba. Ahsante kwa kunisaidia," Nyamizi alisema, akamnyooshea mkono.

Hapo ndipo Makwaiya alipoiona chembe, imenata kwenye dole gumba lake, inameremeta. Akakunja ngumi. Mkono wa Nyamizi ulikuwa bado unangoja.