Mpira wa Kifuniko

Harufu ya tairi lililoungua ilimfika fundi Shekuwe kabla ya tonge. Mpira wa sufuria ya presha ya Bi Zamzam alikuwa ameukata yeye, kutoka tyubu kuukuu, kisha akamwapia mjane huyo kwamba ni silikoni, haiogopi moto wala haitoi harufu.

Sasa waliokuja kumsomea marehemu hitima walikuwa wakizisukuma sahani kando kimyakimya.

"Niwieni radhi, wanangu," Bi Zamzam alisema, macho chini. "Uzee umenishinda. Nimeharibu chakula cha mume wangu."

Shekuwe alifumbua kinywa aseme kweli. Akatia tonge.

"Wewe tu ndiye uliyenisitiri, mwanangu," Bi Zamzam akamwambia, akimwinamia na upawa uliojaa.

Shekuwe akamnyooshea sahani kwa mikono miwili.