Mume wa Bibi

Twalha aliisoma karatasi ya viza mara tatu.

Kesho alfajiri anampeleka bibi yake Maskati, Omani, kwenye sherehe za taifa. Bibi amengoja miaka sabini kuuona mji alikozaliwa babake. Wakala wa safari alimjazia fomu kwa simu, na viza imetoka: msafiri mwenza, Twalha. Uhusiano, mume.

“Bibi! Wakala alipokuuliza unakwenda na nani, ulimjibu nini?”

Bibi alikuwa akikunja kanga, hana habari. “Nilimwambia nakwenda na mume wangu. Kwani tangu uzaliwe nakuitaje?”

“Ule si utani, bibi? Yallah!”

Akafunua karatasi ya hoteli. Chumba kimoja, kitanda kimoja. Chini kabisa, kwa wino wa waridi: Karibuni maharusi, fungate njema.