Vidole vya Mwatumu

Blanketi lililolowa huwa zito kama nanga, na mtu mmoja halikamui. Mwatumu alishika ncha moja, mumewe, Baba Chausiku, akashika ya pili, wakaanza kulisokota pale uani, huyu kulia, yule kushoto.

"Jana umekwenda tena kwa mama yako bila kuniaga," mumewe alisema.

Hakupaza sauti. Hata hivyo Mwatumu alihisi mabega yakimpanda, na vidole, vyenyewe tu, vikianza kulegea. Alivijua vidole hivyo. Neno zito likitajwa, huwa vya kwanza kuachia, kisha miguu ikashika njia ya kwa mama, na blanketi likabaki matopeni.

Leo hapana! Akashusha mabega, akavuta pumzi ikamfika kitovuni.

"Mikono yangu inataka kuachia, Baba Chausiku," alisema. "Naogopa. Lakini siendi popote. Sema yako yote, nami niseme yangu."

Mumewe alivitazama vile vidole vilivyokuwa vyeupe kwa kukaza. Akajizungushia blanketi kiganjani mara nyingine.

"Haya, sokota," alisema taratibu.

Wakasokota. Maji yakaanza kutoka, machafu kwanza.