Matufaha Kabla ya Sikukuu

Pelageya alimaliza kumsuka Liza, akamfunga utepe, akasogeza shavu apate busu lake. Wapi! Mtoto alimponyoka magotini, akamkimbilia Bibi Varvara.

"Mama, nimependeza?"

"Umependeza, mwanangu," akasema Varvara, asiinue hata jicho kutoka kwenye nguo aliyokuwa akiidarizi.

Wivu ukampanda Pelageya. Nani alimsuka? Nani alikesha naye alipougua surua? Nani alizunguka Paris nzima kumtafutia maziwa? Yaya. Na busu? La Mama. Ndiyo maana wakasema shukrani ya punda ni mateke.

Varvara alikuwa mjane wa ukoo wa mfalme wa Urusi. Mapinduzi yalimla mume, yakala na kasri. Lulu alizokimbia nazo ndani ya pindo la sketi ziliuzwa moja moja mpaka zikaisha. Siku hizi aliwadarizia wanawake wengine magauni ya dansi, akapata ya mkate na majani ya chai. Kodi ya vyumba viwili walivyopanga hapo Paris ililipwa na wifi yake, Binti Mfalme Olimpiada, aliyeolewa na tajiri wa meli huko Kopenhagen. Si kwamba alimpenda Varvara, la, hao hawapikiki chungu kimoja. Alimtunza Liza, damu pekee iliyobaki ya kaka yake.

Na leo shangazi mtu alikuwa amekuja mwenyewe. Alikijaza kiti chote, miguuni ana kapu la matufaha ya shambani kwake.

"Hebu njoo nikuone," akamshika Liza kidevu. "Mh! Pua ya kaka yangu hii, tupu! Usinibishie, Varvara."

Varvara alijichoma sindano, akanyonya kidole.

Olimpiada akampa Liza tufaha, akamwekea wifi yake jingine kwenye sahani. Pelageya hakumpa.

"Na Yaya je?" akauliza Liza.

"Yaya hali mpaka sikukuu," akasema Olimpiada, "wiki ijayo, padri atakapoyabariki matufaha. Mama aliyefiwa na mtoto haonji kabla. Siku hiyo watoto wa mbinguni hugawiwa matufaha, na yule ambaye mama yake alitangulia kula hunyimwa, anabaki anawatazama wenzake. Na Yaya alimpoteza binti yake Dunya kwa homa, kule melini mlipokimbia. Kalikuwa kadogo, rika lako."

"Najua. Na Mama naye hali matufaha, tumbo humuuma."

"Tumbo langu halipatani na matufaha," akasema Varvara, akaisukuma sahani kando.

"Umedeka tangu siku tulipokuoa," akasema Olimpiada.

Alikuwa amemletea Liza viatu vyekundu vya ngozi. Mtoto akavivaa palepale, akateremka uani kuwaringia majirani. Pelageya alivitazama viatu vile. Yeye alikuwa ameanza kudunduliza pesa za kumnunulia vya turubai.

"Sasa sikilizeni," akasema Olimpiada. "Jumatano tunaondoka. Mtoto na mama yake watakaa kwangu. Yaya, wewe utatafutiwa nyumba nyingine hapa hapa Paris. Kwangu mayaya wamejaa."

Varvara akainuka, akaingia jikoni. Pelageya akamfuata, akaufunga mlango.

"Umekubali, Bibi?"

"Ulitaka nifanye nini? Nikikataa, pesa zinakatika. Utamlisha nini, supu ya kabichi? Kule atasoma, atavaa, ataolewa na mtu wa maana."

"Na mimi?"

"Nitakuandikia kila wiki."

"Yeye akuite Mama huko Kopenhagen, mimi huku nisome barua?"

"Uliapa, Pelageya. Ulibusu picha takatifu ukaapa."

"Niliapa kwa sababu nilijua nitakuwa naye!"

Varvara akaanza kulia. Pelageya alimwonea huruma, maana machozi yale aliyajua, aliyafuta yeye mwenyewe usiku mwingi. Lakini huruma ikamzidishia hasira. Hata kulia, jamani, yule mwanamke alilia akapendeza.

Pelageya aliporudi chumbani, Olimpiada alikuwa akimsubiri.

"Usininunie, Yaya. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mama mtu ameshakubali. Wewe ni mlezi tu."

Mlezi tu. Kutoka uani kilipanda kicheko cha Liza na vishindo vya viatu vipya. Varvara naye alikuwa ametoka jikoni, amesimama mlangoni na leso yake.

Pelageya hakuwa mjinga. Alijua pesa za Kopenhagen zikikatika, mwisho wa mwezi mwenye nyumba atawatoa nje na masufuria yao. Alijua pia kuwa Jumatano ipo karibu.

Akainama juu ya kapu. Akachagua tufaha jekundu kuliko yote, akalifuta kwa aproni, akaling'ata.

"Yaya!" Olimpiada akaruka kitini, akafanya ishara ya msalaba. "Wiki nzima kabla ya sikukuu! Humwonei huruma mtoto wako huko mbinguni?"

Pelageya alitafuna bila haraka, akameza.

"Huko sina mtoto, Bibi," akasema. "Hebu muulize wifi yako tumbo lake lilianza kukataa matufaha lini."